Amri Kumi kwa hesabu ya nani?

Mwezi Juni 2024, gavana wa jimbo la Louisiana nchini Marekani, Jeff Landry, alitia saini sheria inayotaka kila darasa la taasisi ya umma, kuanzia chekechea hadi chuo kikuu, libandikwe Amri Kumi katika bango lisilopungua inchi 11 kwa 14, lenye maandishi makubwa yanayosomeka kwa urahisi. Mwaka uliofuata Texas ikapitisha sheria inayofanana nayo. Kesi zilifunguliwa, na nje ya mahakama ukazuka mjadala ambao pande zake mbili, pamoja na kelele zote, zilikubaliana juu ya jambo moja: kwamba hilo ni jiwe la kwanza la msingi wa dola ya Kikristo. Wanaoiogopa dola hiyo huitaja Iran ya mapinduzi ya 1979, na wanaoitamani huitaja Massachusetts ya Wapuriti, Waprotestanti wa Kiingereza walioliongoza koloni hilo karne ya 17. Wapenzi wa historia mbadala nao, wale wanaojiuliza dunia ingekuwaje lau tukio fulani lingekwenda kinyume, wamepata malighafi mpya. Katika simulizi zao mambo huwa yaleyale: mgogoro mkubwa unatokea, wahubiri wanashirikiana na majenerali, bunge linafungwa, na asubuhi yake nchi inaamkia chini ya sheria ya Musa.

Kwa maoni yangu, wote hawa wanatazama pasipo penyewe. Dola ya Kikristo yenye msimamo mkali si kitu kisichowezekana katika zama za kisasa, kwani imewahi kuwapo au kukaribia kuwapo zaidi ya mara moja. Lakini kilichoizuia au kuiangusha, mara nyingi kuliko tunavyodhani, hakikuwa katiba wala usekula wala mafundisho ya Yesu. Ni Wakristo wenyewe kushindwa kukubaliana ni Ukristo wa nani utakaoshika usukani. Anayetaka kubuni historia mbadala inayoaminika hana budi kuanzia kwenye swali hilo, na akishalijibu atagundua kwamba hana haja kubwa na majenerali.

Kwanza tuelewane maneno. Kuwa na kanisa rasmi si kuwa na msimamo mkali. Mfalme wa Uingereza ndiye kiongozi mkuu wa Kanisa la Anglikana, na hakuna anayemwona kuwa mtawala wa kitheokrasia. Hata kutangaza taifa kuwa la Kikristo hakutoshi. Rais Frederick Chiluba aliitangaza Zambia hivyo tarehe 29 Desemba 1991, na tamko hilo likaingia katika dibaji ya katiba mwaka 1996, lakini sentensi ileile inayolitaja inamhakikishia kila mtu uhuru wa dhamiri. Ninachokizungumzia hapa ni dola ambayo sheria zake hupimwa kwa maandiko au mafundisho ya kanisa, ambayo uraia kamili hutegemea imani ya mtu, na ambayo ndani yake kuna mtu au chombo chenye kauli ya mwisho juu ya tafsiri, kauli ambayo mpiga kura hawezi kuitengua. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo linalosahauliwa.

Hoja inayorudiwa zaidi na wanaosema dola kama hiyo haiwezekani ndiyo pia iliyo dhaifu zaidi. Husema kwamba Ukristo, kwa asili yake, umetenganisha dini na serikali: “Mlipeni Kaisari yaliyo ya Kaisari,” na ufalme wa Kristo si wa ulimwengu huu. Aya hizo zipo, lakini zilikuwapo pia Oktoba 1553, Geneva, mji wa mwanamageuzi wa Kiprotestanti Yohana Calvin, ilipomchoma moto Michael Servetus kwa kuukana Utatu, na zilikuwapo mwaka 1660, Boston ilipomnyonga Mary Dyer kwa kosa la kurudi na imani yake ya Kiquaker katika koloni lililomfukuza. Wasomaji wa Biblia hawajawahi kukosa aya ya upande wa pili. Warumi 13, inayomtaja mtawala mwenye upanga kuwa mtumishi wa Mungu, haiko mbali na Mathayo 22, yenye maneno ya Kaisari. Andiko peke yake halimzuii mtu mwenye upanga, kwa sababu kabla halijamzuia lazima litafsiriwe, na mara nyingi mwenye upanga ndiye anayemchagua mfasiri.

Mfano unaoiumbua hoja hiyo kabisa haumo Ulaya wala Marekani. Umo China. Hong Xiuquan, mwalimu wa kijijini aliyefeli mitihani ya utumishi wa serikali mara nne, alisoma vijitabu vya mwinjilisti wa Kichina akatambua ndani yake maana ya ndoto alizowahi kuota akiwa mgonjwa: kwamba yeye ni mwana wa pili wa Mungu, mdogo wake Yesu. Mwaka 1851 alitangaza Ufalme wa Mbinguni wa Taiping, na 1853 majeshi yake yaliiteka Nanjing na kuifanya makao makuu. Kwa miaka 11 kulikuwa na dola yenye mamilioni ya watu iliyotumia Amri Kumi kama sheria, iliyoharamisha afyuni pamoja na desturi ya kuwafunga wanawake miguu, iliyotenganisha makazi ya wanaume na wanawake, na iliyotunga mitihani ya maofisa kutokana na Biblia. Inakadiriwa kwamba watu milioni 20 au zaidi walikufa katika vita vilivyoandamana nayo. Wamisionari wa Kizungu walioisikia kwa mbali walishangilia. Walioitembelea wakarudi wakisema huo ni uzushi. Kwa swali letu, hukumu yao haina uzito sana. Karne ya 19, enzi ya meli za mvuke, iliona dola iliyotoka moja kwa moja kwenye usomaji wa Biblia bila kanisa lolote la zamani kuisimamia.

Ndani ya Taiping kuna tukio moja ambalo mtu anayebuni historia mbadala angelibandika ukutani. Hong alikuwa mwana wa Mungu, lakini jemadari wake Yang Xiuqing alikuwa na kipawa kikubwa zaidi: Mungu Baba alinena kwa kinywa chake. Siku moja ya Desemba 1853, Yang akiwa katika hali hiyo ya kunena, Baba alimkemea Mwana mbele ya watumishi wake na kuamuru achapwe viboko 40. Mfalme wa Mbinguni alilala kifudifudi kuvipokea, na ndipo Baba, kwa kinywa kilekile, akamsamehe. Miaka mitatu baadaye Yang aliuawa pamoja na maelfu ya wafuasi wake, na dola haikupata tena nguvu iliyokuwa nayo. Majeshi ya Qing, nasaba iliyokuwa ikiitawala China, yakisaidiwa na maofisa wa kigeni, yalikuja kummalizia mgonjwa. Ugonjwa wenyewe ulianza pale mamlaka ya kusema kwa niaba ya Mungu yalipokuwa na wenyewe wawili. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na zizi hili lilikuwa la kinabii.

Hapo ndipo inapoingia hoja nzito ya wanaosema haiwezekani, na hii nataka niipe haki yake. Wanasema: tazameni Iran. Jamhuri ya Kiislamu haikujengwa juu ya hasira peke yake. Wanazuoni wa Kishia walikuwa na tabaka lililopangika, lenye vyuo kama vya Qom, lenye mapato yake kutokana na khumsi (sehemu ya tano ya mapato inayotolewa na waumini), na lenye fani ya sheria iliyojadiliwa kwa karne nyingi na kugusa mirathi, mikataba, adhabu na ndoa. Khomeini, kiongozi wa mapinduzi hayo, alipotaka chombo cha kupima sheria za bunge hakuhitaji kubuni kazi mpya. Aliwaweka mafakihi katika Baraza la Walinzi wafanye kwa jina la dola kazi waliyoizoea. Agano Jipya halina sheria ya jinai. Ndiyo maana Rousas John Rushdoony, mwanateolojia wa Kimarekani aliyejaribu mwaka 1973 kuandika kwa kina jinsi taifa litakavyotawaliwa kwa sheria ya Biblia, alilazimika kurudi kwa Musa, na wahafidhina wenzake wengi wakamkimbia walipoona orodha ya makosa yanayostahili kifo. Na hata kama sheria ingepatikana, nani angeifasiri? Kwa Waprotestanti, mchungaji asiyekubaliana na mwenzake hufungua kanisa lake mtaa wa pili.

Massachusetts inaonyesha ugumu mwingine, ambao sijaona ukijadiliwa vya kutosha. Kuanzia 1631 haki ya kupiga kura katika koloni hilo ilikuwa ya wanaume waliopokewa kanisani, na punde makanisa hayo yakaanza kumtaka kila anayepokewa asimame na kushuhudia jinsi neema ilivyomgeuza. Waasisi waliovuka bahari kwa ajili ya imani hawakukosa ushuhuda. Watoto wao walibatizwa, wakakua katika nyumba za ibada, wakalima, wakaoa, na wengi hawakuwa na la kushuhudia, kwa sababu hakuna kilichowageuza. Walizaliwa wakiwa tayari wamo ndani. Wajukuu walipoanza kuzaliwa, sinodi ya 1662 ikalazimika kuruhusu watoto wa wazazi ambao hawajaongoka wabatizwe, katika mpango ambao wapinzani walioudharau waliuita agano nusu. Hati mpya ya kifalme ya 1691 ilipobadili sharti la kura kutoka uanachama wa kanisa hadi mali, ilizika kitu ambacho tayari kilikuwa mahututi. Dini inayodai mtu azaliwe mara ya pili haiwezi kurithishwa kwa kuzaliwa mara ya kwanza, na dola haiwezi kuishi bila kurithishwa.

Wanaoamini katika njia ya mapinduzi watanikumbusha Guatemala. Jenerali Efraín Ríos Montt, Mpentekoste, alishika madaraka kwa mapinduzi ya Machi 1982, akawaweka wazee wa kanisa lake miongoni mwa washauri wake, na kila Jumapili akaihubiria nchi kwenye televisheni. Ukiandika historia mbadala huwezi kupata mwanzo mzuri kuliko huo. Lakini angalia kilichofuata. Nchi ilikuwa na Wakatoliki wengi; Machi 1983, siku chache kabla ya ziara ya Papa Yohane Paulo wa Pili, serikali iliwapiga risasi watu sita waliohukumiwa na mahakama maalumu, ingawa Papa alikuwa amewaombea. Agosti mwaka huohuo jenerali mwingine akamwondoa mhubiri madarakani. Kilichobaki ni makaburi ya Wamaya waliouawa vijijini na jeshi lake, si taasisi hata moja ya dola ya Kipentekoste. Mapinduzi humpa mhubiri kiti, lakini jeshi linalompa kiti ndilo linaloweza kukiondoa, na jeshi halikutubu.

Basi ni wapi dola hiyo ingeweza kuota? Jibu langu halipendezi masimulizi ya kusisimua: ingeota katika nchi yenye kanisa moja kubwa, ambalo tayari linaendesha shule na hospitali, na ambalo limechanganyika na hofu ya taifa kiasi kwamba kuliacha kanisa ni kulisaliti taifa. Hapo maaskofu hawahitaji kugombea ubunge. Ireland ya katikati ya karne ya 20 ndiyo maabara bora. Katiba yake ya 1937 inaanza kwa jina la Utatu Mtakatifu, ililipa Kanisa Katoliki nafasi ya pekee, na ilikataza talaka. Mwaka 1951 waziri wa afya, Noël Browne, alitaka akina mama na watoto watibiwe bure bila kupimwa kipato. Maaskofu walipinga, wakihofia kwamba dola inaingilia mamlaka ya familia na kwamba madaktari wa serikali watawafundisha wanawake mambo ya uzazi kinyume na kanisa. Baraza la mawaziri lilirudi nyuma, Browne akajiuzulu na kuzipeleka barua zote magazetini. Waziri mkuu John A. Costello hakukana, alisimama bungeni na kueleza kwamba yeye, kama Mkatoliki, anawatii viongozi wa kanisa lake. Hakuna katiba iliyovunjwa na hakuna askari aliyetoka kambini. Uchaguzi ulifanyika mwaka huohuo kama kawaida.

Nasisitiza kwamba Ireland haikuwa dola ya msimamo mkali kwa kipimo nilichokiweka, kwa kuwa Waprotestanti wake walipiga kura na mmoja wao, Douglas Hyde, alikuwa rais wa kwanza chini ya katiba hiyo. Lakini ilikuwa imekaribia njia panda, na njia panda yenyewe haikuwa Dublin. Ilikuwa Roma. Mpaka miaka ya 1960 mafundisho yaliyozoeleka ya Kanisa Katoliki yalisema kwamba palipo na Wakatoliki wengi dola inapaswa kuilinda dini ya kweli, na kwamba kosa halina haki. Rais Gabriel García Moreno alilichukulia fundisho la aina hiyo kwa uzito wote nchini Ecuador, ambako katiba ya 1869 ilitaka raia awe Mkatoliki. Aliuawa kwa panga Agosti 1875. Katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa dunia nzima, tamko la uhuru wa dini lilipingwa vikali, na Novemba 1964 kura yake ikaahirishwa huku maaskofu wa Marekani wakihamaki. Lilipita tarehe 7 Desemba 1965 kwa kura 2,308 dhidi ya 70. Ndani ya miaka miwili Hispania ya Franco ikapitisha sheria ya uhuru wa dini, na mwaka 1972 Waireland wakakifuta kifungu cha nafasi ya pekee kwa kura ya maoni.

Ukiniuliza mahali pa kuligeuza gurudumu la historia, ningeligeuza hapo. Tuseme kura ile iliahirishwa tena na tena, Mtaguso ukafungwa bila tamko, na Papa aliyefuata akawa mtu wa wale 70. Hispania, Ureno, Ireland na baadhi ya nchi za Amerika ya Kusini zingeingia miaka ya 1970 zikiwa na kitu ambacho Waprotestanti hawajawahi kuwa nacho: sheria ya kanisa iliyoandikwa, majaji wake, ngazi za mamlaka, na fundisho rasmi linalosema dola isiyolinda imani inatenda dhambi. Sidai kwamba ingedumu. Runinga, utalii na uzazi wa mpango vingeitafuna. Lakini ingekuwa dola ya kweli, na ingekuwa na bunge.

Afrika Kusini inathibitisha jambo hilo kwa upande wa Waprotestanti. Waziri mkuu aliyeingia madarakani mwaka 1948 na sera ya ubaguzi, D.F. Malan, alikuwa mchungaji wa Kanisa la Kireformati la Kiholanzi kabla ya kuwa mhariri wa gazeti na kisha mwanasiasa. Kanisa hilo liliutafutia ubaguzi aya, shule zikaongozwa na falsafa iliyoitwa elimu ya Kikristo ya kitaifa, na televisheni haikuruhusiwa hadi 1976. Kwa Waafrikana, yaani Makaburu, sharti la kanisa moja na hofu moja lilitimia. Hata hivyo ilipofika wakati wa kuchagua kati ya Wakristo na weupe, dola ilichagua weupe: mamilioni ya Wakristo Weusi, wakiwemo wa makanisa yaliyozaliwa na kanisa hilohilo, walibaki nje ya uraia. Hapo dini ilikuwa imekaa kiti cha nyuma, taifa likiwa usukani. Nadhani dola nyingi za kubuni zingeishia hapo, zikiwa na msalaba kwenye bendera na orodha ya kabila mfukoni.

Turudi Marekani. Kwa muda mrefu nchi hiyo ililindwa na mgawanyiko wa makanisa kuliko ilivyolindwa na marekebisho ya kwanza ya katiba yake, yanayokataza bunge kuanzisha dini rasmi. Mwaka 1844 Philadelphia iliwaka moto juu ya Biblia ipi isomwe shuleni, ya King James au ya Wakatoliki. Watu waliuawa na makanisa mawili ya Kikatoliki yakachomwa. Nilipoziweka katekisimu ya Kikatoliki na ya Kipresbiteri ubavu kwa ubavu nilielewa kwa nini jambo la bango ni zito: “Usiue” ni amri ya tano katika moja na ya sita katika nyingine, kwa kuwa Wakatoliki wanaliunganisha katazo la sanamu na amri ya kwanza kisha wanaigawa ya tamaa mara mbili. Kubandika Amri Kumi ni kuchagua hesabu ya kanisa fulani. Kuna pia ulinzi uliotoka kwenye theolojia: Waprotestanti wengi wa msimamo mkali wa karne ya 20 waliamini kwamba dunia itazidi kuharibika mpaka Kristo arudi kuanzisha miaka elfu yake, na mtu anayengoja jahazi la kumwokoa hapaki rangi meli inayozama.

Kuta hizo zimeanza kuanguka, na hili ndilo linalonishughulisha kuliko bango lenyewe. Mwaka 1994 viongozi wa kiinjili na wa Kikatoliki, wakiongozwa na Charles Colson na Richard John Neuhaus, walitoa tamko la pamoja lililoyapa mapambano yao ya kimaadili uzito kuliko ugomvi wao wa karne nne. Haki ya kikatiba ya kutoa mimba ilipofutwa Juni 2022, ushindi uliotafutwa na wainjili kwa miaka mingi uliletwa na majaji walio wengi katika Mahakama ya Juu, ambao karibu wote ni Wakatoliki. Wazee wa Philadelphia wangedhani dunia imepinduka. Muungano huo hauhitaji kukubaliana juu ya ubatizo, ekaristi au miaka elfu. Unahitaji adui mmoja. Kwa sababu hiyo unaweza kushinda chaguzi na kesi nyingi, na kwa sababu hiyohiyo hautakuwa na mtu wa kutoa fatwa siku wanachama wake watakapogombana kuhusu talaka, adhabu ya kifo au wahamiaji. Chombo kile cha tafsiri ya mwisho, ambacho Iran ilikikuta tayari Qom, hapa kitakuwa chama, au mgombea.

Maneno yaliyoandikwa ndani ya sheria ya Louisiana yanafanana na yale ya mnara wa mawe ulio kwenye viwanja vya bunge la Texas, ambao Mahakama ya Juu iliuruhusu ubaki mwaka 2005. Nimeyasoma mara kadhaa nikitafuta ni hesabu ya nani iliyoshinda, ya Roma au ya Geneva. Amri zimepangwa mstari kwa mstari, na hakuna hata moja iliyopewa namba.